Kundi la Mtu Mmoja

Programu ya kwanza kuihama simu ya Fundi Inchi ilikuwa ya benki. Iliondoka kwa adabu, kama mgeni aliyekumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwao: "Kwa usalama wako, huduma hii haipatikani tena kwenye kifaa chako." Fundi alisoma, akaguna, akasema mbona hata yeye hakuwahi kuuona usalama wowote pale benki. Ikafuata ramani, ambayo hakuihitaji, maana kwa miaka ishirini na sita alikuwa na safari mbili tu, ya kwenda dukani na ya kurudi nyumbani. Ikafuata ya habari. Ikafuata ile ya kuhesabu hatua anazotembea mtu kwa siku, ambayo kwa fundi cherehani ilikuwa dharau tangu siku ya kwanza.

Kisha kampuni ya simu nayo ikatangaza, kwa furaha kubwa na picha ya vijana wanaocheka, kwamba inazima mitambo yake ya zamani ili kuwahudumia wateja vizuri zaidi. Wateja hao wa kuhudumiwa vizuri zaidi walikuwa wale wenye simu mpya. Fundi Inchi alibaki na uwezo wa kupiga na kupigiwa, na intaneti ikawa kitu cha kuomba kwa mkewe, kama chumvi.

"Mama Pacha, niwashie kidogo."

"Kidogo ya nini? Unataka kujua nini duniani ambacho hukukijua jana?"

Mama Pacha alikuwa na meza yake mlangoni mwa duka hilohilo, katika ujia wa chini wa jengo la soko. Aliuza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki. Mdomo wake alikuwa akiugawa bure. Mapacha wao walikuwa wameshaoa na kuhamia mbali, kwa hiyo mzaha wote uliokuwa ukigawanywa kwa watu watatu sasa ulimwangukia baba yao peke yake. Simu ile ilikuwa chakula cha kila siku. Ilikuwa na miaka tisa. Kioo kilikuwa na nyufa, mfuniko wa nyuma ulishikiliwa na lastiki ya kiunoni, na kitufe cha kuwashia kilipopotea Fundi alibandika kifungo cha shati, cha matundu manne, tena akachagua kinacholingana rangi. Ili iingize chaji ilibidi ilazwe kwa upande huku imeegemezwa na kigurudumu cha uzi. Akigusa mtu kigurudumu, Fundi alipiga kelele kama ameguswa mgonjwa.

"Watu wananunua simu," Mama Pacha aliwaambia wateja. "Sisi tunauguza."

Lakini Fundi hakuwa mbahili, na wala hakuwa mshamba wa kutojua kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ndani ya programu ya ujumbe, ile ambayo kila mtu anayo. Humo alikuwa na kundi alilolifungua mwenyewe, akaliita Vipimo, na mwanachama wake alikuwa mmoja. Yeye ndiye mwenyekiti, yeye ndiye katibu, yeye ndiye mjumbe, na kwa miaka tisa hawakuwahi kugombana.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja anasimama mbele ya kioo. Fundi ana futi mikononi, pini mdomoni, chaki sikioni, mkono wa kuandikia hana. Kwa hiyo akishampima mteja na mteja akishaondoka, kabla hajasahau, anabonyeza kifungo, anatema pini na kusema: jina kwanza, halafu namba, halafu maneno machache ya kumkumbusha ule mwili. Maneno yale kwake yalikuwa sehemu ya kipimo. Namba thelathini na nane anazo kila mtu. Lakini mwenye thelathini na nane anayesimama ameegemea upande mmoja ni yule mmoja tu.

Na sauti hizo, mia tatu na kumi na mbili, ndizo zilikuwa duka. Ghorofa ya juu walishafungua duka la suti zilizoshonwa tayari, zinazoning'inia kwa safu, bei yake ni ya kumkatisha fundi tamaa. Kitu kimoja tu kilimfanya mtu ampite muuza suti na kushuka ngazi hadi kwa Inchi: alijua hahitaji hata kushuka. Anapiga simu. "Fundi, nataka suti ya kijivu, harusi ni Jumamosi." Fundi anajibu, "Vipimo vyako ninavyo," na Ijumaa suti inamkaa mwenyewe kama alizaliwa nayo. Bila zile sauti, Inchi alikuwa mzee mmoja mwenye cherehani kati ya wazee wengi wenye cherehani.

Basi siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, alipowashiwa intaneti kidogo, ile programu ikamwambia kwamba kuanzia tarehe mosi haitafanya kazi tena kwenye simu yake. Ilimshukuru kwa kuwa nayo muda wote huo. Ilimshauri anunue simu mpya.

Alikwenda kwa fundi simu wa mlango wa tatu, mtu wa makamo ambaye soko zima linamwita Daktari kwa sababu ya ile lenzi anayoivaa jichoni. Daktari aliitoa simu lastiki, akaitazama, akaigeuza, akaomba kiti.

"Mzee wangu, hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kuombea."

"Nataka vitu vyangu vihamie kwenye simu nyingine. Hilo tu."

"Ndilo hilo tu lisilowezekana. Programu yako ni ya zamani mno, nakala inayoitoa, simu mpya haiitambui. Ukitaka kuisasisha, simu inakataa. Simu ukitaka kuisasisha, kiwanda kilishaisahau." Akashusha sauti, kama wanavyofanya madaktari wa kweli. "Unachoweza ni kuzitoa sauti moja moja, kuzirusha kwa mtu mwingine."

"Mtu gani huyo wa kupokea sauti mia tatu?"

"Mimi usinitazame," alisema Daktari, akamfunga mgonjwa lastiki yake.

Mama Pacha alikuwa na jibu jepesi, na kosa lake kubwa lilikuwa kulitoa mapema. "Nunua daftari. Kaa, sikiliza, andika. Siku tisa zinatosha."

Sasa, ukitaka mume akatae jambo la busara, mpe bila kumwacha afikirie kwamba ni lake. Fundi alimweleza mkewe kwamba daftari linalowa, linaungua, linaliwa na mende. Alimweleza hayo akiwa ameshika simu iliyofungwa lastiki. Tena, alisema, ana suti saba za kumaliza, muda wa kukaa anajisikiliza mwenyewe kama redio hana.

Alikosa usingizi siku mbili, na siku ya tatu, akipiga pasi, akapata wazo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Fundi alikuwa na upara, lakini wazo lilimjia hivyohivyo. Kwa nini amtafute mtu mmoja wa kupokea sauti mia tatu, wakati kila sauti ina mwenyewe? Mwalimu Mkuu atatumiwa vipimo vya Mwalimu Mkuu. Mhasibu atatumiwa vya Mhasibu. Kila mtu atunze mwili wake. Akitaka nguo, atamrudishia fundi sauti ile kwa njia yoyote watakayokuwa nayo wakati huo. Alifurahi hadi akaunguza kola.

Alianza siku hiyohiyo. Kila sauti ilianza na jina, kwa hiyo hakuhitaji kusikiliza yote. Alibonyeza, akasikia jina, akakata, akairusha kwa mwenyewe. Sekunde mbili kila mmoja. "Mwalimu Mkuu" — rusha. "Mwenyekiti wa Soko" — rusha. "Mshereheshaji" — rusha. "Mama Pacha" — rusha. Alitengeneza na ujumbe mmoja wa heshima: "Mteja mpendwa, pokea vipimo vyako, vitunze, vitakufaa." Kwa kuwa intaneti haikuwepo, sauti zote zilipanga foleni humo ndani, kila moja na alama ndogo ya saa, zikisubiri. Kwa siku tano Fundi alirusha sauti ambazo hazikwenda popote. Angeweza, katika siku hizo tano, kusikiliza moja hadi mwisho. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri ya siku ya mwisho wa mwezi alimwendea mkewe mezani.

"Niwashie. Safari hii si kidogo."

Mama Pacha akawasha, akamwambia asiimalize yote. Simu ikatetemeka. Ikapata joto la pasi. Alama za saa zikaanza kutoweka, mbili mbili, kumi kumi, sauti mia tatu na kumi na mbili zikatoka dukani kwa mkupuo, na ile ya mwisho ilipotoka tu simu ikazimika yenyewe. Fundi akaifunika kwa kitambaa ipoe. Alijisikia kama mtu aliyewaoza mabinti wote kwa siku moja.

Asubuhi ya tarehe mosi programu ilikuwa imefungwa, kama ilivyoahidi. Fundi aliketi kwenye cherehani akiwa mwepesi wa moyo. Hakuwa na hili wala lile. Mkewe siku hiyo alikuwa kimya mezani, anapanga vifungo kwa ukubwa, kazi aliyokuwa ameifanya juzi. Fundi akashukuru kwa kimya hicho, wala hakuuliza.

Saa tatu simu ikaita.

"Fundi," sauti ilisema, "mimi naingiza tumbo?"

"Habari za asubuhi, Mwalimu Mkuu. Unaingiza nini?"

Simu ikakatwa. Fundi akadhani ni mitambo ya zamani. Nusu saa baadaye Mwalimu Mkuu mwenyewe akashuka ngazi, amevaa suti ya Inchi, ana simu mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi wa mahakamani. Hakusalimu. Alibonyeza, na sauti ya Fundi Inchi, iliyo wazi kabisa, hata pini zinasikika zikidondoka, ikajaza ujia wote.

"Mwalimu Mkuu. Kifua arobaini na mbili. Kiuno arobaini na nne. Mwenyewe anasema arobaini. Anaingiza tumbo akipimwa. Msubiri aanze kuongea, akianza kuongea linatoka lenyewe. Bega la kushoto limeshuka, tia pedi, ila asijue, maana anajiona mwanajeshi."

Fundi alisimamisha cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kuyasikia maneno yale kwa masikio ya mtu mwingine.

"Mwalimu Mkuu, hayo ni mambo ya kiufundi," alisema.

"Nimeyasikiliza mbele ya walimu. Nilidhani ni tangazo." Mwalimu Mkuu aliizima simu. "Walimu kumi na wanne, Fundi. Na sasa kila nikifungua mdomo wananitazama tumboni."

Na kweli alikuwa anaongea, na kweli lilikuwa limetoka. Fundi, Mungu amsamehe, alilitazama.

Mdomo uliponza kichwa, na siku hiyo kichwa kilikuwa na foleni. Akaja Mhasibu, ambaye alikuwa hajui maishani mwake kwamba mguu wake mmoja ni mfupi nusu inchi, na sasa alidai anachechemea. Akaja Mwenyekiti wa Soko, ambaye sauti yake ilisema shingo kumi na nane, "imeota tangu apate cheo." Huyu aliisikiliza akiwa na mkewe, na mkewe akaomba arushiwe na yeye. Bi harusi wa miaka sita iliyopita alipiga simu kutoka mbali kulia, alikuwa ameambiwa na fundi, kwa kuchelewa kidogo, kwamba gauni liachiwe nafasi ya mbele kwa kuwa "harusi imewahi lakini mtoto amewahi zaidi." Mume wake alikuwa kando yake, anahesabu miezi.

Mshereheshaji peke yake ndiye alikuja anacheka. Yake ilisema, "makalio hakuna, suruali yote iko chini ya uangalizi wa mkanda," na alisema ataitumia jukwaani, bure kabisa, na atataja duka. Fundi alimsihi asitaje.

Wengine hawakuja. Hao ndio walioumiza zaidi. Kutoka kwenye kiti chake Fundi aliweza kuona ngazi, na adhuhuri aliona miguu anayoijua, anaijua kwa inchi, ikipanda moja kwa moja hadi kwa muuza suti bila kusimama. Aliitambua miguu ya wateja kumi na saba. Akaacha kuhesabu, akaweka mikono juu ya cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka hakuwa na la kushona.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoinuka. Alivuka ujia, akarudi na daftari la kurasa mia mbili, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Mwalimu Mkuu," akaita. Mwalimu Mkuu alikuwa bado mlangoni, anawaeleza Mhasibu na wengine jinsi alivyodhalilishwa. "Unasema si kweli?"

"Si kweli hata kidogo!"

"Basi ingia upimwe upya, mbele ya mashahidi. Mimi ninaandika. Namba tupu, bila maneno."

Nani angekataa? Kukataa kungekuwa kukiri. Mwalimu Mkuu alipimwa akiwa amebana pumzi kama mzamiaji, Mama Pacha akamuuliza swali kuhusu matokeo ya mitihani, yeye akajibu, tumbo likatoka, na Mama Pacha akaandika arobaini na tano. Baada yake Mhasibu. Baada yake wale waliokuja kutazama. Hadi jioni walikuwa wamepimwa thelathini na wanane, na katika wiki zilizofuata idadi ingefika mia na kitu. Wengine waliobaki mpaka leo wanavaa suti za ghorofani, zinawapwaya mabegani, na wakikutana na Fundi wanaangalia upande mwingine.

Wa mwisho alipoondoka, Fundi alianza kufagia vipande vya uzi ambavyo havikuwepo. Alikuwa anasubiri. Baada ya miaka thelathini alijua jinsi mkewe anavyohifadhi mzaha mzuri hadi mwisho wa mlo.

"Sema basi," alisema. "Sema 'nilikwambia ununue daftari.'"

Mama Pacha alitoa simu yake mfukoni mwa aproni, akaiweka kwenye meza.

"Mimi nilipata kumi na moja," alisema.

Fundi akasimama na ufagio. Alikuwa amesikia jina la mkewe mara kumi na moja, akarusha sauti kumi na moja, na katika haraka ile hakujiuliza ni za nini. Sasa alikumbuka ni za nini. Alinyoosha mkono aichukue simu, lakini mkewe alikuwa ameshabonyeza.

"Mama Pacha," sauti yake ikasema, ya chini, bila pini. "Kiuno ishirini na saba. Wiki iliyopita kilikuwa ishirini na nane na nusu. Nimempima kwa kumkumbatia, vidole vyangu sasa vinafika kwenye viwiko. Punguza gauni zote tatu, nusu inchi kila upande. Tumia uzi wa zamani, asione mpya. Asijue. Akijua amefika hapa atakata tamaa."

Ilikuwa ya miaka miwili nyuma, mwaka ule wa hospitali, Mama Pacha alipougua. Mama Pacha hakuwa na kioo kikubwa nyumbani na hakutaka kupanda mzani. Kitu kimoja tu alikishikilia: nguo zake zilikuwa zinamkaa. Na mumewe, mtu asiyejua hata kuchemsha maji, ghafla alikuwa amejitwika kazi ya kupiga pasi nguo zake, tena alizipeleka dukani, eti pasi ya dukani ni nzuri zaidi.

"Nilikuwa ninawaambia watu," Mama Pacha alisema. "Walipokuja kunitazama wamekunja sura, niliwaambia, nitazameni, sijakonda, gauni ni lilelile. Kumbe lililokuwa linakonda ni gauni."

"Mama Pacha..."

"Hata daktari nilimwambia mzani wake mbovu. Akaitisha mwingine kwa ajili yangu."

Alijaribu kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati. Fundi aliweka ufagio chini. Alitaka kuomba msamaha, ila hakujua kwa lipi, kwa kudanganya au kwa kuirusha.

"Ya mwisho umeisikiliza?" aliuliza.

"Zote. Jana, mara tu zilipoingia. Ile ya saba nimeirudia." Ya saba ndiyo iliyosema kiuno kimerudi ishirini na nane, na baada ya namba hakukuwa na maneno, ni mtu mzima anapumua karibu na simu, muda mrefu, halafu anasema "achia nusu inchi."

Alijifuta macho kwa aproni, akafungua daftari ukurasa mpya, akamkabidhi mumewe futi. Kisha akasimama mbele ya kioo cha duka, mikono ameinyanyua kidogo, kama wateja wote.

"Nipime," alisema. "Na safari hii niambie."

Fundi alimzungushia futi kiunoni. Alichukua muda, maana namba za futi zilikuwa zinamchezea machoni.

"Thelathini na moja," alisema.

Mama Pacha akageuka, akachukua kalamu, akaandika. Akabaki ameinama juu ya daftari.

"Na maneno?"

"Si ulisema namba tupu?"

"Hao ni wateja."

Fundi alikunja futi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Thelathini na moja," alisema. "Usipunguze kitu."

Mama Pacha akayaandika yote.